Zamu ya Dirisha

Jirani yangu Durk Wybenga hajawahi kumkatalia mtu jambo, na ukiniuliza mimi, hapo ndipo mkosi wake wote ulipoanzia. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mlinzi wa daraja la hapa kijijini kwetu, Frisia, kaskazini mwa Uholanzi. Mashua ikipiga honi anatoka kibandani, anafunga barabara, analiinua daraja, anaipungia mashua mkono, kisha anawageukia wenye magari waliosimamishwa na kuwavulia kofia kuomba radhi. Kila mashua, kila siku. Mtu akiomba radhi kwa miaka thelathini na minane, mgongo nao hujifunza kuinama.

Mimi naitwa Hiltje. Nilikuwa nikigawa barua kwa baiskeli mpaka magoti yakagoma. Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa sebule yake, na dirisha la jiko langu linatazama ua wake, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa. Natamani ningekuwa nimehadithiwa tu, maana na mimi nimo.

Mdomo wa nyumba ile alikuwa mkewe, Antsje. Yeye ndiye aliyeamua rangi ya milango, shule ya binti yao Nynke, na idadi ya biskuti kwa kila mgeni, yaani moja. Kuku nao walikuwa wake. Durk aliwajengea banda kwa mbao za kile kibanda chake cha darajani, siku zile daraja lilipoanza kuendeshwa kwa kompyuta kutoka mjini na yeye akaambiwa aende akapumzike. Banda dogo la kijani, la kuku watatu au wanne. Kiota kimoja upande wa kushoto, dirisha moja upande wa kulia linalotazama mfereji, na ubao wa kulalia unaopita katikati. Dirisha alilisafisha kila Jumamosi, maana kwetu dirisha chafu ni aibu hata likiwa la kuku.

Miaka miwili iliyopita Antsje alianza kupotea akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Nynke akakata shauri, daktari akatia saini, na Antsje akapelekwa nyumba ya wazee, dakika ishirini kwa gari. Durk alimfungia sanduku, akamkunjia soksi mbilimbili.

Siku hizi Antsje humwita Durk "bwana". Anadhani ni fundi wa mabomba. Kila Jumapili humwuliza kama joto limerudi kwenye mabomba, na Durk humjibu kwamba linarudi polepole.

Lakini Dropje alimjua. Dropje ni kuku mweusi tii, aliyepewa jina la zile peremende nyeusi za chumvi tunazozilamba huku tangu utotoni, na alikuwa kipenzi cha Antsje tangu akiwa kifaranga. Kila Jumapili mchana nilimpeleka Durk kwa gari langu, Dropje akiwa ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kuku haruhusiwi kuingia mle, kwa hiyo tulisimama nje, kwenye dirisha la chumba cha Antsje, chumba cha chini. Antsje anafungua, Durk anamweka kuku kwenye kizingiti cha dirisha, na mwanamke aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu Jumatatu anakiinua.

"Dropje! Njoo kwa mama. Mbona mwembamba? Durk hakupi mahindi?"

"Anampa," Durk anajibu.

"Yule? Yule ni mwema lakini mzito. Lazima umkumbushe."

Kwa robo saa anakuwa Antsje mzima, mwenye ukali wake na utani wake. Anamsema Durk vizuri na vibaya, na Durk anasimama pale kwenye baridi akisikiliza habari zake. Halafu robo saa inakwisha. Durk aliishi kwa ajili ya robo saa hiyo. Sisemi kwa kutia chumvi. Wiki nzima ilikuwa ni kungojea Jumapili.

Novemba wenzake wawili wa Dropje wakafa kwa uzee, mmoja Jumanne na mwingine wiki iliyofuata. Na mwezi huohuo ikatoka amri ya mafua ya ndege: kila mwenye kuku, hata wawili, awafungie ndani wasikutane na bata mwitu. Basi Dropje akabaki peke yake bandani, bila mwenzake na bila uwanja. Kuku mpweke huyo hakupiga kelele. Aliacha tu kula. Alisimama dirishani akitazama mfereji mpaka giza, na kila Jumapili kikapu kilikuwa chepesi zaidi.

"Hiltje," Durk akaniambia juu ya uzio, "akifa huyu, nitamwambia nini Antsje?"

"Mtafutie wenzake."

"Na wakimpiga?"

Nikamwambia habari za hali ya hewa.

Durk alitimiza miaka sabini na sita katikati ya Januari. Tukapanga viti duara sebuleni kwake, kama ada. Unaingia, unazunguka duara zima ukimpa kila mtu mkono: hongera kwa kuzaliwa baba yako, hongera kwa kuzaliwa shemeji yako, hongera kwa kuzaliwa jirani yako. Kisha unakaa, unapewa kahawa na kipande cha keki ya sukari ya pinki, na hapo kitini ndipo utakaposhinda mpaka jioni. Tulikuwa wachache mwaka huu. Nynke alikuja na treni kutoka Utrecht. Wa mwisho kuingia alikuwa Fokke, kaka yake Antsje, mfugaji wa ng'ombe aliyestaafu lakini sauti yake bado haijastaafu. Alikuwa amebeba boksi lenye matundu.

"Shemeji! Hongera! Nimekuletea mabibi watatu!"

"Mjomba, aibu!" Nynke akasema.

"Aibu ya nini? Wamekuja na chakula chao wenyewe. Mabibi wa wapi siku hizi wanakuja na chakula chao?"

Ndani ya boksi mlikuwa na tembe watatu, kuku wachanga wa kahawia ambao hata yai la kwanza hawajataga, wenye shingo nene na macho makavu. Mmoja akamdonoa Fokke kidole papo hapo. Fokke akafurahi. Durk alilitazama boksi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama.

"Ahsante, Fokke," akasema. "Hukuwa na haja."

"Wakae wapi, ndiyo habari," nikasema mimi, kwa sababu siwezi kunyamaza.

"Wakae wapi tena? Watie wote humohumo," Fokke akasema. "Watadonoana siku mbili, ya tatu wamejuana. Mbona ng'ombe ndivyo hivyo."

"Ng'ombe hadonoi, Mjomba."

"Ana pembe! Nani alikwambia pembe ni mapambo?"

Nynke alikuwa amekwisha soma kila kitu kwenye simu. Kuku wageni wakae mbali wiki kadhaa, akasema, hatujui wametoka na ugonjwa gani. Yako mabanda ya plastiki, yanaoshwa kwa maji ya bomba, anaweza kuagiza leo na likafika Alhamisi.

"Plastiki!" Fokke akanguruma. "Unafuga kuku au unakwenda pikiniki?"

"Mimi nilifikiria..." Durk akasema.

"Na waonane kwanza kwa mbali," Nynke akaendelea, "ndio wazoeane."

"Mimi nilifikiria," Durk akasema tena, akiwa ameshika birika la kahawa, "Dropje aje akae ndani na mimi. Kile chumba cha kufulia kina joto. Hawa watatu wachukue banda. Dropje nitakuwa mwenzake mimi."

Tukacheka wote, na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

"Kuku ndani, Durk? Sisi hatufungi mapazia hapa! Watu wakipita wataona nini, mzee na kuku wanatazama taarifa ya habari?"

"Wakigombania kiti!" Fokke akasema, akijipiga paja.

"Baba," Nynke akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko chetu, "fanya kama watu wengine."

Durk akacheka naye. Akazunguka akitujazia vikombe.

Sasa lazima nieleze kosa lenyewe, maana ni kosa letu sisi watu wa nchi hii, na hakuna wengine ambao wangelifanya. Sisi hatupendi mtu ashinde. Babu zetu waliishi chini ya usawa wa bahari, na ukigombana na jirani, tuta la kuzuia maji nani atalijenga? Kwa hiyo tunaongea mpaka kila mmoja apate kidogo, na anayepata kidogo anakwenda nyumbani akijiona mwungwana. Njia hiyo imejenga matuta na shule. Hatukujiuliza kama inajenga na banda la kuku.

Mimi ndiye niliyesema: wavu katikati ya banda la zamani. Wanaonana lakini hawagusani. Nynke apate utengano wake, Fokke apate banda lilelile, na gharama ni kipande cha wavu nilicho nacho stoo kwangu.

"Lakini dirisha liko upande mmoja," Nynke akasema. "Na kiota upande wa pili. Si haki."

"Basi wabadilishane," nikasema.

Lo! Kila mtu akapenda. Wabadilishane kila Jumatatu: wiki hii tembe dirishani na Dropje kiotani, wiki ijayo kinyume chake. Nynke akachukua kadi moja ya pongezi, akaigeuza na kuandika zamu za wiki sita, tarehe kwa tarehe. Fokke akakubali kwa sharti kwamba wiki ya sita ikiisha wavu unaondoka, hakuna kuongeza siku. Nynke akakubali sharti hilo. Tulikuwa tumeridhika sana nafsi zetu. Keki ikagawanywa kipande cha pili, jambo ambalo Antsje asingeliruhusu.

"Baba, umeridhika?"

"Ikiwa nyinyi mmeridhika," Durk akasema.

Hilo si jibu. Nililisikia kwamba si jibu, nikaendelea kutafuna.

Kadi ikapigwa misumari kwenye mlango wa banda, maua yakitazama ndani na zamu zikitazama nje. Jumatatu ya kwanza nikamwona Durk kutoka jikoni kwangu akimhamisha Dropje mikononi. Kuku yule alifika upande mpya, akatembea kando ya wavu kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akitafuta pa kupita arudi mahali pake. Usiku alikuwa amezoea kulala mwisho wa ubao, karibu na kioo, miaka tisa mahali palepale. Sasa palikuwa na makalio matatu ya kahawia. Jumatatu iliyofuata akarudishwa, akapanda mahali pake, akanusa harufu ya wengine, akateremka. Akalala chini kwenye maranda.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kuku wetu wageni walikuwa watatu, wachanga, wenye nguvu. Lakini angalia tulichofanya. Kuku mwenyeji, hata akiwa bibi kizee, husimama mlangoni kwake na kusema hapa ni kwangu, na wageni humwelewa. Sisi kila Jumatatu tulimwondoa mlangoni. Kufika wiki ya nne kamba ilikuwa mguuni mwa Dropje.

"Hiltje, hajui alale wapi," Durk akaniambia.

"Atazoea."

"Nataka niache kumhamisha."

"Mwambie Nynke."

Akampigia. Ukuta wetu ni mwembamba. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, ndiyo, haki ni haki, ndiyo. Akampigia na Fokke, na kwa Fokke hakuwa na haja ya simu, hata mimi ningemsikia kutoka kwake. "Makubaliano ni makubaliano, shemeji! Ukianza kuongeza siku hutamaliza!" Jumatatu akamhamisha. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe mkononi. Ningeweza kutoka nikamwambia chana kadi, Durk, wazo lilikuwa langu na lilikuwa la kipumbavu. Majuto ni mjukuu. Mimi sikuzaa, lakini mjukuu huyo ninaye.

Wiki ya sita ikaisha siku ya Jumamosi mwishoni mwa Februari, na amri ya kufungia kuku bado ilikuwapo. Hapakuwa na uwanja wa kukimbilia. Durk alikata wavu saa tatu asubuhi. Saa tatu na robo kengele yangu ikalia, na Durk alikuwa mlangoni ameshika ufagio, bila kofia.

"Wanamla," akasema.

Nilikimbia kama nilivyokuwa nakimbia mbele ya mbwa wa watu. Tembe wawili walikuwa juu ya Dropje, wa tatu anangoja zamu yake. Dropje alikuwa ameingiza kichwa nyuma ya ndoo ya chakula na kuwaachia mgongo. Hakuwa akipigana hata kidogo. Durk alinyoosha ufagio, na nasema kweli tupu, aliwaambia, "Jamani, msifanye hivyo," kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaomba radhi wenye magari. Mimi nikaingia na mateke.

Tulipomtoa hakuwa tena na unyoya mgongoni wala kichwani. Kile kilemba chekundu kilichanika. Ile ngozi ya chini, ambayo mtu haioni mpaka kuku anyonyolewe, ilikuwa ya waridi yenye damu. Durk alimbeba ndani, kwenye chumba cha kufulia, akamlaza juu ya sweta la zamani la Antsje karibu na bomba la joto. Akampa punje moja moja za mahindi kwenye kiganja. Baada ya muda mrefu Dropje akala moja.

"Atapona," nikasema. "Manyoya yataota."

"Lini?"

"Miezi. Akiwa na nguvu."

Durk hakunitazama. "Antsje alisimama hapohapo ulipo, siku ile, na sanduku. Akaniuliza, Durk, lazima niende? Nikamwambia atazoea." Akampa kuku punje nyingine. "Neno lako lilelile, Hiltje. Nilikuwa nalo kabla yako."

Mimi, mwenye maneno yote yale, nikaenda kuchukua maji ya uvuguvugu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikamwambia tusiende na kuku, au tusiende kabisa, tungoje manyoya. Durk akaniuliza kama Antsje naye atangoja. Kila wiki kitu kimoja kilikuwa kinamtoka: wiki iliyopita jina la Nynke, kabla ya hapo namna ya kushika uma. Tukaenda. Nikaendesha polepole kuliko kawaida, kana kwamba njiani manyoya yangeota.

Antsje alifungua dirisha. Durk alifunua kitambaa, akamweka Dropje kwenye kizingiti kwa mikono miwili. Upepo wa baridi ukampiga kuku yule kwenye ngozi tupu, akatetemeka.

Antsje alimtazama. Nikaona macho yake yanatafuta, yanapita juu ya kuku na kurudi.

"Nini hiki?"

"Ni Dropje, Antsje," nikasema. "Kadonolewa na wenzake, lakini ni yeye."

"Dropje ni mweusi," akasema, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Huyu hana rangi." Akavuta mikono yake ndani. Kisha akamgeukia Durk, kwa adabu zake zote za zamani. "Bwana, huyu ni kuku wa watu. Mrudishe kwa mwenyewe, atakuwa anamtafuta."

"Sawa," Durk akasema.

"Wewe unakaa upande wa darajani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi ukimwona mume wangu, nifikishie salamu. Mwambie Dropje wangu asimchanganye na kuku wengine. Watu watamletea kuku, nawajua, na yeye hajui kukataa. Mwambie amweke ndani, kwenye chumba cha kufulia. Kuna joto pale."

Durk alikuwa amemkumbatia kuku ndani ya koti. Kwa mkono uliobaki akavua kofia.

"Nitamwambia, mama," akasema.